MJADALA: Mzize, straika wa Yanga, abaki Jangwani (Yanga) au aondoke sasa hivi?

MLETA MADA

Wakuu, habari za majukumu.

CHAN ya Agosti 2025, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za ndani, kwetu imeisha. Robo fainali Morocco katupiga 1-0 palepale uwanja wa Mkapa, na maisha yanaendelea. Kabla hatujarudi kwenye kutukanana Utopolo (Yanga) na Makolo (Simba) kama kawaida yetu, hebu tutazame kitu kimoja. Mechi 5, mabao 5. Burkina Faso tuliwafunga kwa penalti ya Sopu na kichwa cha Tshabalala, beki wa kushoto. Mauritania tukawapata dakika ya 89 kupitia Kapombe, beki wa kulia. Afrika ya Kati 0-0. Madagascar 2-1, yote mawili ya Clement Mzize, na dakika ya 20 alikuwa ameshamaliza kazi. Yaani ukitoa penalti na mabeki, mfungaji tuliyebaki naye ni dogo mmoja aliyezaliwa mwaka 2004.

Dogo huyohuyo msimu wa 2024/25 kamaliza ligi na mabao 14, nyuma ya Ahoua wa Simba mwenye 16. Januari 2025 kawapiga TP Mazembe mawili kwenye ile 3-1. Dirisha la usajili likifunguliwa tu, tetesi zinaanza: mara yupo, mara hayupo.

Mimi nasema aondoke, na sisemi hivyo kwa sababu ya hela. Ninachokiona ni kwamba ligi yetu imeshampa karibu kila ilichokuwa nacho. Timu nyingi zikicheza na Yanga zinajaza watu kumi nyuma ya mpira. Straika wa Yanga anapata nafasi sita, anakosa nne, anafunga mbili, jioni tunamwimba. Nje huko atapata nafasi moja na nusu kwa mechi. Beki wa kumfundisha kazi, wa kumnyima hata kugeuka, hapa anakutana naye kwenye dabi na Simba, kwa Azam, na kwenye mechi za CAF. Mechi ngapi hizo kwa mwaka?

Karibuni, ila tusitukanane.


MWANANCHI WA TABATA

Mkuu, kwanza nikupongeze kwa kuandika bila kutukana, maana nimezoea tofauti.

Abaki. Na nina mifano, sipigi porojo. Agosti 2021 Chama aliondoka Simba kama mfalme kwenda RS Berkane ya Morocco. Januari 2022 huyo, karudi Msimbazi, yaani Simba. Miquissone, naye wa Simba, alikuwa anawakalisha mabeki chini kila wiki, akaenda Al Ahly ya Misri, akapotea mpaka akarudishwa 2023 akiwa si yule tena. Hao walikuwa wachezaji waliokomaa, wametoka kwao, wameshazoea kuishi ugenini. Leo unataka kumchukua dogo wa miaka 21 ukamtupe kwenye baridi?

Halafu kuna Kelvin John. Mnamkumbuka? Tulimwita Mbappe mwaka 2019 kwenye AFCON ya vijana hapahapa Dar. Alikwenda Genk ya Ubelgiji 2021, akakaa zaidi na kikosi cha vijana, 2024 akahamia Aalborg kule Denmark. Simsemi vibaya, anapambana. Ila kama kuondoka mapema ndiyo dawa, mbona leo hatumwimbi yeye?

Yanga amecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba kacheza 2025. Jukwaa lipo hapa nyumbani. Straika Mayele alionekana akiwa Jangwani, Pyramids ya Misri wakaja na begi la fedha wenyewe, na 2025 kabeba nao Ligi ya Mabingwa. Hakulazimika kwenda kubisha hodi Ubelgiji.


MLETA MADA

Mwananchi, mfano wako wa Mayele unanisaidia mimi. Mayele ALIONDOKA. Angebaki Jangwani mpaka leo angekuwa anagombania kiatu cha dhahabu na akina Ahoua tu.

Kuhusu Kelvin John nakubali, na ndiyo maana sikusema Ulaya. Rudi usome, neno Ulaya halimo kwenye mada yangu. Nimesema aondoke.


MNYAMA WA MBEZI

Ngojeni kwanza nicheke. Straika wenu mmoja kafunga 14, nchi nzima inakaa kikao.

Haya, nimemaliza. Kuna jambo hamlitaji. Tangu 2018/19 vinara wa mabao wa ligi yetu ni hawa: Kagere 23, Kagere tena 22, Bocco 16, Mpole wa Geita Gold 17, Mayele na Ntibazonkiza 17 kwa 17, Aziz Ki 21, Ahoua 16. Misimu saba, Watanzania wawili. Kanuni inaruhusu wageni 12 kwa timu, na kocha akitaka namba tisa haendi Mbeya wala Mwanza, anapiga simu Abidjan. Mzize mwenyewe alianza kwa kukaa nyuma ya Mayele.

Kwa hiyo akiondoka, nafasi yake hachukui Mtanzania, anachukua mgeni wa 12. Taifa Stars inafaidika au inapata hasara? Mimi sijui mnahesabuje.


DEREVA WA TUNDUMA

Mimi ni mtu wa lori, njia yangu ni Tunduma, Nakonde, Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Nikiwa nasubiri kushusha mzigo na TP Mazembe wanacheza nyumbani, uwanja wa Kamalondo, naingia uwanjani. Kwa hiyo Samatta nilimwona kule, sikusimuliwa.

Kila mtu anamtumia Samatta atakavyo. Wa kuondoka wanasema aliondoka Simba 2011 na miaka 18, hajamaliza hata msimu wa pili. Kweli. Wa kubaki wanasema alikwenda Genk Januari 2016 na miaka 23, keshakomaa. Kweli pia. Katikati hapo kuna miaka mitano ya Lubumbashi, na hiyo hamtaki kuizungumza kwa sababu haina picha nzuri za theluji.

Kamalondo ni uwanja wa nyasi bandia, watu wamekaa karibu na mstari, na wanajua mpira. Ukipoteza mpira ukiwa umeipa goli mgongo, unasikia jukwaa zima. Siku za mwanzo Samatta alikuwa anatupwa pembeni, mara winga, mara anaingia dakika za mwisho. Mazembe walikuwa na wakubwa wao. Alisubiri. Akajifunza kukimbia bila mpira, maana mpira hapewi. Mtanzania mwenzake, Ulimwengu, naye alikuwa hapohapo. Mwaka 2015 Mazembe wanachukua Ligi ya Mabingwa, Samatta ana mabao 7, na Januari iliyofuata anatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Wabelgiji wakaja wenyewe.

Kwa hiyo mimi sina upande, ila nauliza: Lubumbashi ya Mzize ni ipi? Mpole alikwenda hukohuko, klabu ya Lupopo, baada ya kiatu chake cha dhahabu. Lakini aliondoka na umri umekwenda.


WA NAIROBI

Majirani, ruhusuni Mkenya achangie. Nyinyi mna Samatta, sisi tuna Olunga, na njia yake haifanani kabisa na ya huyo ndugu yenu.

Olunga alifunga 19 akiwa na Gor Mahia 2015, msimu ambao K'Ogalo haikupoteza mechi ya ligi. Akaenda Sweden, Djurgården. Kisha China. Kisha Girona ya Hispania kwa mkopo, akapiga mabao matatu dhidi ya Las Palmas Januari 2018, na bado hawakumweka. Ungemhukumu hapo, ungesema ameshindwa Ulaya. Akaenda Japan na Kashiwa Reysol, timu ikashuka daraja mwaka huohuo! Wengi wangekimbia. Yeye alibaki nao daraja la pili, siku ya mwisho ya msimu wa 2019 akafunga manane peke yake kwenye 13-1, wakarudi juu, na 2020 akafunga 28 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Ninachotaka kusema, klabu ya kwanza nje si hukumu. Mnamtafutia kijana mlango mmoja ulio sahihi kana kwamba akikosea hapo amezikwa. Olunga alibisha milango minne.


KOCHA WA MCHANGANI

Nimesoma wote. Mnazungumza nchi na ligi, hakuna hata mmoja aliyezungumza miguu ya huyu kijana. Nafundisha watoto, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Mzize ana mbio, ana kifua, na ana shuti la kulia ambalo halihitaji maandalizi. Mpira ukipigwa nyuma ya beki, kwa ligi yetu hakamatiki. Hivyo ni vipaji, na huvifundishi. Shida yangu naye ni pale anapopokea akiwa ameipa goli mgongo. Tazameni mechi yoyote ambayo Yanga wamebanwa. Mpira unamfikia, tachi ya kwanza, yaani mguso wa kwanza, inaruka hatua moja mbele yake, na ile hatua moja ndiyo chakula cha beki. Hapa anaurudisha kwa nguvu na mbio. Kule anakokwenda, beki ana nguvu kama yake na mbio kama zake, kwa hiyo tachi ikiruka imekwenda. Jambo la pili, kabla mpira haujafika haangalii begani. Anaangalia mpira tu.

Sasa mtazameni Samatta. Anfield kwa Liverpool, Novemba 2019, akiwa Genk, kona inapigwa. Yeye si jitu, na mabeki wa Liverpool mnawajua. Lakini anaanza kukimbia kwa kuchelewa, anakuja na kasi wakati wenzake wamesimama, anawaruka, kichwa, 1-1. Wembley, Machi 2020, akiwa Aston Villa, fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City: krosi ya El Ghazi, anajirusha, kichwa, wavuni. Hayo si mabao ya mbio wala shuti. Ni ya mtu anayejua mpira utaangukia wapi. Alikuwa na ujuzi huo, na bado Villa kwenye ligi kacheza mechi 14, bao 1, wakampeleka Fenerbahçe. Pimeni wenyewe ngazi ile ikoje.

Kwa hiyo kwangu swali la klabu gani linakuja baadaye. La kwanza ni nani atakayekaa naye baada ya mazoezi, nusu saa kila siku, ampigie mpira huku beki amemkaba mgongoni, mpaka tachi ikae. Kama Yanga wanaye mtu huyo, abaki msimu mmoja. Kama hawana, aende kokote mtu huyo aliko.


MBEBA BOKSI

Salamu kutoka Marekani, wakuu. Huku jirani zangu wanakesha na besiboli, nami nimeambukizwa, kwa hiyo nivumilieni.

Mnamjua Ohtani? Yule Mjapani wa Dodgers mwenye mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Mwaka 2012, ana miaka 18, alitangaza kwamba anataka kuja Marekani moja kwa moja. Timu ya Fighters ya kule kwao ikamchagua hivyohivyo, ikamwendea na hoja moja: huku kwetu tutakuacha urushe mpira na pia uupige. Kwenye besiboli ya wakubwa mtu hufanya kimoja. Angekuja huku na miaka 18, wangempeleka timu za madaraja ya chini na kumlazimisha achague. Akabaki misimu mitano, akaja na miaka 23. Umri uleule wa Samatta na Genk.

Lakini angalieni alibaki kwa sharti gani. Hawakumwambia "tulia nyumbani kuna amani". Walimpa mpango wa namna watakavyomkuza. Mwananchi wa Tabata, Yanga wamemwonyesha Mzize mpango gani zaidi ya mshahara na gari?


MWANANCHI WA TABATA

Mbeba boksi, mpango ni makombe. Manne ya ligi mfululizo hadi 2025. Unataka nini tena?


KOCHA WA MCHANGANI

Makombe ni mpango wa klabu, mkuu. Mbeba boksi kauliza mpango wa mchezaji.


MLETA MADA

Dereva, nijibu lako maana ndilo limenikaa. Lubumbashi ya Mzize kwangu ni Afrika Kaskazini, Morocco au Misri. Mabeki wa Morocco ndio waliotutoa CHAN, kila wiki atakutana nao, na akikaa benchi mechi tatu hafi. Akifika miaka 23 na tachi imekaa, Ubelgiji na Ufaransa hawako mbali. Samatta mwenyewe na miaka 32 kaenda Le Havre, kwa hiyo mlango haufungwi mapema kama tunavyotishana.

Ila mkataba uwe na bei ya kuondokea iliyoandikwa. Na Yanga wasiogope kumuuza: akiuzwa tena huko mbele kabla mkataba wake haujaisha, FIFA inakata asilimia 5 ya bei na kuwagawia klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Fedha hizo zinafika hadi klabu ya mtaani, mradi karatasi zake ziwe zimetunzwa. Hapo kwenye karatasi ndipo nina wasiwasi na sisi.


MNYAMA WA MBEZI

Sawa, auzwe. Na Fei Toto wa Azam, aliyezaliwa 1998, mnamshauri nini? Mabao 19 msimu wa 2023/24 akiwa kiungo, na 2025 bado yuko Chamazi kwa Azam.


DEREVA WA TUNDUMA

Huyo fungua mada yake, mkuu. Niko foleni ya mpaka, muda ninao.