MJADALA: Kwenye komedi za Shakespeare kapo ipi ndo imara? Mi nasimama na Beatrice na Benedick

Wadau wa Moshi, Arusha na kwingine kote, habari za jioni. Naleta ubishi uliotuchukua Jumamosi nzima kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Moshi na mpaka tunaondoka haujaisha, watu wengine wameondoka wamenuna kabisa. Swali lilikuwa hivi, zile komedi za zamani ambazo mwisho lazima watu waoane, ni kitu gani kinafanya kapo moja iwe imara kuliko nyingine? Wengi walisimama na Portia na Bassanio wa Mabepari wa Venisi, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969. Hoja yao Portia ana akili, ana hela, na rafiki wa mumewe alipokaribia kukatwa ratili ya nyama alivaa kiume akaingia mahakamani kama mwanasheria akamwokoa. Dada mmoja mwalimu akasema mwanamke wa hivyo nyumba yake haianguki.

Mi nakataa. Portia ni mtu imara, hilo sina ubishi nalo, ila tunaulizana kuhusu watu wawili. Mwangalieni Bassanio. Anataka kwenda kuposa hana kitu, kwa Shylock mkopeshaji zinakopwa dukati (sarafu za dhahabu) 3000 za miezi mitatu, na anayeweka mwili wake rehani ni Antonio, yule rafiki yake. Anafika kwa Portia, ambako mposaji lazima achague kasha moja kati ya matatu ndo ampate, anachagua lile la madini ya risasi, ambalo limeandikwa kwamba atakayelichagua lazima atoe na ahatarishe vyote alivyo navyo, sasa jamani yeye alihatarisha nini wakati kila alichokuja nacho kilikuwa mgongoni kwa Antonio? Halafu pale mahakamani anatamka kwamba yuko tayari kumtoa hata mke wake ili Antonio apone, na mke mwenyewe kasimama palepale anasikia. Kesi inaisha, yule mwanasheria, ambaye Bassanio hajui ni Portia, anaomba pete, ile aliyopewa na mkewe akaapa haitamtoka kidoleni akiwa hai, mwanzoni anakataa vizuri tu ila Antonio akimsihi kidogo pete inaenda. Portia anamsamehe na wanacheka, sawa, lakini mpaka pazia linashuka kila mzigo wa ndoa ile umebebwa na mtu mmoja.

Sasa njooni kwa Beatrice na Benedick wangu, kwenye komedi ya Much Ado About Nothing, ambayo ilichapwa London 1600, mwaka uleule iliochapwa na hiyo ya Venisi. Pale Messina, mji ambako hadithi inatokea, kuna kapo mbili na naona Shakespeare aliziweka pamoja makusudi tuzipime. Ya kwanza Claudio na Hero, vijana wazuri, kila mtu anawashangilia. Claudio kabla hajasema lolote la maana anauliza kwanza kama baba wa binti ana mtoto wa kiume, yani anataka kujua urithi unaenda kwa nani. Kutongoza kwenyewe anaenda bosi wake Don Pedro amevaa kinyago, na mshenga sio tatizo, sisi huku tunajua posa inavyoenda, tatizo ni kwamba mtu akimnong'oneza tu Claudio kwamba Don Pedro kamchukua binti mwenyewe anaamini palepale. Anadanganywa mara ya pili kwamba Hero ana mwanaume mwingine, anaamini tena, na hamfuati binti wakae pembeni amuulize, anasubiri siku ya harusi anamwaibisha madhabahuni mbele ya baba yake na wageni wote mpaka binti anazimia. Hawa wawili hawajawahi kuongea vya kutosha, ndo maana uongo ukaingia kirahisi vile.

Beatrice na Benedick wao wanatukanana toka mwanzo na watu wengi wanawapendea hapo tu, yale majibizano. Mi nasema majibizano ni utamu, uimara uko palepale kanisani baada ya fujo. Wanaume wakubwa wameondoka na Claudio, Benedick anabaki. Beatrice analia kwa ajili ya binamu yake Hero, Benedick anamwambia anampenda, niambie nikufanyie nini, na Beatrice anamjibu muue Claudio. Rafiki yake yule! Anagoma kwanza, ila anamuuliza kitu kimoja, je moyoni mwako una uhakika Hero kaonewa? Beatrice anasema ndiyo, na Benedick haombi ushahidi, anaenda kumkabili Claudio na kujitoa mbele ya Don Pedro, na wakati huo hajui kabisa kwamba mgambo wa usiku wameshawakamata wahusika wa ule uongo. Claudio alikuwa na neno la mchumba wake akalitupa, Benedick alikuwa na neno la Beatrice tu na likamtosha kuweka rehani urafiki, cheo na maisha yake.

Najua mtaleta ile hoja ya kwamba penzi lao ni la kupangwa, walisikilizishwa umbea bustanini kila mmoja akaambiwa mwenzake anakufa kwa ajili yake. Kweli kabisa. Ila Beatrice anagusia mapema kwamba Benedick alishawahi kuwa na moyo wake, kwa hiyo umbea ule uliwasha kitu ambacho kilikuwepo.

Jessica binti wa Shylock na mpenzi wake Lorenzo siwaweki hata kwenye mashindano, wametoroka na hela za baba, na usiku wao wa mapenzi wanataja wapenzi wa kale ambao karibu wote waliishia pabaya.

Kwa hiyo walio upande wa Portia naomba mnijibu hili tu, na msiniletee pale Bassanio alipojitolea mwili wake mahakamani maana ule ulikuwa kwa ajili ya Antonio. Nionyesheni sehemu moja alipopoteza kitu chake mwenyewe kwa ajili ya mke wake.