Naomba ushauri: historia ya kambi ya wasichana Ziwa Sebago, Maine

Wadau habari zenu, wakubwa shikamooni. Tuko Portland huku Maine, binti yangu yuko darasa la saba kapewa projekti ya historia ya kambi za wasichana za kiangazi. Kachagua Wohelo, ile waliyoifungua Luther Gulick na mkewe Charlotte 1907 pale Ziwa Sebago, halafu 1910 wakaanzisha Camp Fire Girls, chama cha wasichana (huyu Luther ndo bosi aliyemwambia Naismith atafute mchezo wa kuchezea ndani, ikazaliwa basketi 1891!). Wasichana wanapiga kasia, wanaogelea, wanaota moto usiku, kwa enzi zile mi nawavulia kofia kabisa.

Tulipokwama ni picha za zamani: wasichana wa kizungu wamesuka mikia miwili, wamevaa magauni ya matamvua kuiga wenyeji wa asili wa Marekani, shanga za tuzo zinaning'inia kifuani. Binti kauliza Wawabanaki, wenyeji wa asili wa huku Maine wenye ardhi yao, walisemaje, nikakosa jibu. Maktaba tumeenda, tumepata sifa za kambi tu.

Naombeni msaada, maneno ya Wawabanaki wenyewe tutayapata wapi? Na kwa umri wake aliandike vipi hili bila kulificha wala kuwadharau wale wasichana?