Land Rover ya zamani: taa za mbele nisafishe, niweke H4 au LED?

Mwana_Sabaki
Assalam aleikum wakuu. Nina Land Rover ya marehemu babu hapa Malindi. Injini imeamka, alhamdulillahi, lakini taa za mbele ni aibu. Usiku njia ya Mambrui naona pua ya gari na basi. Rifleta (bakuli za ndani zinazorudisha mwanga mbele) zimeingia madoa ya kutu, kioo kimoja kina ufa. Nimeambiwa kuna njia tatu: nisugue hizi zilizopo, ninunue taa mpya za H4 (balbu ya halojeni, ya uzi, yenye dimu na fulu pamoja), au nitie LED. Sitaki kupita elfu kumi na tano pamoja na ufundi. Jumamosi nampelekea fundi. Nichukue ipi?

FundiTaa
Waaleikum salaam. Umesema Land Rover halafu ukanyamaza. Ya mwaka gani? Taa ziko kwenye madigadi au ziko katikati karibu na grili? Mashine ya kuchaji betri ni dainamo ya kizamani au alteneta? Betri kichwa kipi kimefungwa bodi? Umepima volti kwenye soketi ya balbu taa zikiwa zinawaka? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

504_Daima
LED. Kwisha maneno. Nimetia kwenye Pijo 504 yangu, sina wasiwasi tena na usiku.

BabaMarafa
@504_Daima wewe huna wasiwasi, sisi tunaokutana nawe je? Balbu ya LED ukiitia ndani ya rifleta iliyochorwa kwa uzi wa halojeni, mwanga unatawanyika ovyo. Anayekuja haoni kitu, na wewe mwenyewe unaona mng'aro wa hapo karibu tu, mbele giza. Ukitaka LED nunua taa nzima ya inchi 7 iliyoundwa kwa LED, siyo balbu.

Kijana_wa_Barani
Ajaribu dawa ya meno kwanza. Probox ya bro ilirudi safi kabisa.

BabaMarafa
Probox ina kava ya plastiki, hiyo ndiyo inayofifia kwa jua na dawa ya meno inaisaidia. Za Land Rover ni kioo. Kilichokufa ni rifleta ndani, na ule weupe wake ni utando mwembamba mno. Ukiusugua unautoa wote.

Mwana_Sabaki
Taa ziko katikati, karibu na grili. Logbook sijui iko wapi, shangazi anaitafuta. Betri nimekwenda kuitazama sasa hivi: chanya ndiyo iliyofungwa bodi. Nilidhani kuna fundi aliyekosea.

FundiTaa
Hakukosea mtu. Land Rover za Series II na IIA za mwanzo zilitoka kiwandani hivyo. Mambo yaligeuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na taa nazo zikahamia kwenye madigadi miaka hiyohiyo. Kwa hivyo gari lako ni la kabla ya hapo na karibu nina hakika lina dainamo.

Halojeni haijali umeme unaingia upande gani. LED inajali. Nyingi ukizipa umeme kinyume haziwaki, nyingine zinaungua palepale. Unaweza kugeuza gari lote liwe hasi kwenye bodi, lakini hapo lazima ugeuze betri, koili, ampemita, na dainamo nayo uipe mguso wa umeme ijue upande mpya. Si kazi ya mtu wa haraka.

504_Daima
Na hiyo dainamo itabeba H4? LED inakula umeme chini ya nusu.

FundiTaa
Hapo una hoja, nakukubalia. Dainamo ya Lucas ya aina ya C40 inatoa kama ampea 22, tena injini ikizunguka vizuri. Ukisimama kwenye matuta haitoi kitu cha maana. Dimu mbili za wati 55 zinakula ampea 9 na ushee. Zinabebeka, ila asiongeze spotilaiti.

Shela_Upande
Niwape kisa cha balbu kubwa, maana najua kuna mtu atamshauri hivyo. Nilikuwa na Land Rover Series III. Gereji moja Mombasa, siitaji, ikanitilia balbu za 100/90 (wati 100 fulu, 90 dimu) juu ya waya zilezile za zamani, bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya ile ya mkono). Nikatoka jioni najiona mfalme. Mpaka Kilifi kila gari linanipigia fulu. Nimepita Matsangoni, naingia upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nagusa swichi ya usukani, haishikiki kwa moto. Nikarudisha dimu, zikazima zote mbili. Nyuma yangu kuna lori, ukingo wa barabara siuoni, na kichwani nimejazwa habari za ndovu wa msitu ule. Nikapunguza taratibu nikiwa nimetoa mkono dirishani. Mpwa wangu akashuka na tochi ya simu akatembea mbele ya gari, mimi namfuata gia ya kwanza, mpaka tukaona taa za maduka. Asubuhi tulipofungua, plastiki ya swichi imelainika kama halua. Piga hesabu: wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17, zote zinapita kwenye swichi ya mtu mzee.

BabaMarafa
Pole sana. Rilei mbili tu, moja ya fulu, moja ya dimu, na waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi. Swichi ya zamani inabaki kuamsha rilei.

MamaKombi
Na kabla hajanunua vioo atazame mwelekeo. Hapa Malindi vya bei poa vingi vinaingia na mabegi kutoka Italia, na kule wanaendesha kulia. Egesha usiku mbele ya ukuta, washa dimu. Mstari wa mwanga unatakiwa kupanda juu kushoto, ndipo unaona wapita njia. Ukipanda kulia, unamchoma macho kila anayekuja. Jirani yangu kaviweka, bodaboda wote wanamtukana.

504_Daima
Angenunua Pijo tu haya yote yasingekuwepo. 404 ilichukua Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Land Rover ilichukua mwaka gani?

Shela_Upande
Hiyo 404 ikikwama mchanga wa Ngomeni ilivutwa na nini?

504_Daima
Na trekta la chumvi la Gongoni 😂

Mwana_Sabaki
Wakuu turudini kwenye taa. Nimeazima mita. Betri 12.4, soketi ya kushoto 11.5, ya kulia 10.6. Si balbu basi?

FundiTaa
Volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu theluthi. Ya kulia imepita hapo. Fungua waya wa athi (ule unaofungwa kwenye bodi) upande huo, hewa ya chumvi itakuwa imeshaula. Rilei na waya kwanza.

BabaMarafa
Na kioo chenye ufa akiache kinywe mvua ya masika? Vioo kwanza. H4, wati za kawaida.

504_Daima
LED. Ageuze betri.

MamaKombi
@Mwana_Sabaki ukitoa zile bakuli za chuma za nyuma ya taa usizitupe. Hata zikiwa na kutu, nazitaka. Shangazi kaipata logbook?