Anwani ya T au ya 0x: nimpe mteja ipi anilipe USDT?

Msikizi_Nakuru
Habari wakuu. Naandika maandishi kutoka kwa sauti nikiwa Nakuru, na mteja wa ng'ambo anataka kunilipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Waleti yangu (programu ya kuhifadhi sarafu hizo) ina anwani mbili: moja inaanza na T, nyingine na 0x. Yeye anauliza "mtandao gani?" Nimpe ipi? Na akishakuwa na anwani yangu, anaweza kuniibia?

Fundi_Kondele
Kuibiwa kwa anwani peke yake, hapana. Anwani ni ya kupokelea, ingawa yeyote aliye nayo anaweza kuona salio na miamala yake yote. Pesa hufunguliwa na yale maneno 12 au 24 ya siri ambayo waleti hukupa unapoianzisha. Yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha, maana simu nyingi hupakia picha mtandaoni zenyewe. Anayekuomba hayo maneno ni mwizi, hata akijiita huduma kwa wateja.

Sasa mtandao, yaani njia ambayo sarafu husafiria. T yenye herufi na tarakimu 34 ni mtandao wa Tron, ambao mara nyingi utauona umeandikwa TRC20. 0x yenye 42 ni Ethereum, lakini mitandao mingine kama BNB Smart Chain na Polygon hutumia umbo hilohilo, na hapo ndipo watu huumia: anwani ni sahihi, mtandao sio. Kwa hivyo mtajie vyote viwili: "USDT, mtandao wa Tron, anwani hii." Kupokea hakuhitaji ada, ila kuitoa USDT hiyo kwenye Tron kunahitaji TRX, sarafu ya Tron yenyewe, ndani ya waleti ili kulipa ada; kwenye Ethereum ni ETH. Bila hizo, pesa utaiona tu bila kuweza kuisogeza.

Mama_Milimani
Naongezea, mdogo wangu, kwa sababu hapa hakuna kurudishiwa. M-Pesa hukuonyesha jina kabla ya kutuma, na ukikosea unaweza kusambaza ujumbe kwa 456. Kwenye Tron hakuna jina wala wa kupigiwa simu. Ukikosea herufi moja waleti itaikataa anwani, lakini ukibandika anwani nzima ya mtu mwingine itapita.

Kuna hila mbili za kujua. Virusi vya simu au kompyuta hubadilisha anwani uliyonakili wakati unabandika. Nyingine: mtu anakutumia USDT 0 au senti chache kutoka anwani aliyoitengeneza ifanane mwanzo na mwisho na ile unayolipa kila mara, akitumai utainakili kutoka historia. Basi usinakili kutoka historia kamwe, na ulinganishe hata herufi za katikati. Mwambie mteja atume dola 5 kwanza, uzione kwenye Tronscan (tovuti inayoonyesha miamala ya Tron), ndipo atume zilizobaki.

Msikizi_Nakuru
Asanteni sana. Je, nikimpa anwani ya soko la sarafu badala ya waleti, ili nibadilishe haraka kuwa shilingi?

Fundi_Kondele
Inawezekana. Chagua Tron kwenye ukurasa wa kuweka pesa ndipo unakili anwani, na usome kiwango cha chini: ikitumwa pungufu huenda isiingizwe kwenye akaunti. Ukipewa pia memo au tag, kama ilivyo kwa sarafu ya XRP, mteja lazima aiweke, kwa sababu wateja wengi wa soko hutumia anwani moja na namba hiyo ndiyo inayoonyesha pesa ni ya nani.

Ukimuuzia mtu moja kwa moja humo sokoni akulipe kwa M-Pesa, usiachilie USDT kwa kuona SMS ya malipo, kwani hughushiwa. Fungua M-Pesa, uangalie salio, na jina la aliyetuma lilingane na la akaunti yake sokoni.