Udongo umejaa samadi, nipande mboga gani?

Mpenda Bustani
Habari zenu wadau. Nimepata kieneo cha bustani ambacho zamani lilikuwa zizi la ng'ombe, baadae wakafugia na kuku hapohapo, sasa udongo wake ni mweusi tii, ukizamisha jembe lote bado unakutana na samadi tu. Sehemu kubwa imeshaoza na kuwa udongo kabisa ila kona ya kuku bado mbichi, inanuka na ukiinama inawasha macho. Nilipanga karoti, maharage, nyanya na mboga za majani, lakini jirani kaniambia karoti nisahau kabisa. Ni kweli? Na kama ni kweli nianze na nini, naombeni msaada jamani msimu unakaribia.

Jembe Kali
Jirani kasema kweli. Samadi nyingi maana yake naitrojeni nyingi, na naitrojeni inasukuma majani, kwa hiyo kabla hujanunua mbegu jiulize huo mmea unakula sehemu gani. Kama ni majani umeula: kabichi, sukuma wiki, spinachi, mchicha, hata koliflawa na brokoli zinataka udongo mnono hivyohivyo. Baada ya hapo weka walafi wenyewe yaani maboga, matango na mahindi. Maboga hata juu ya lundo la samadi iliyooza yanatambaa na kuzaa vizuri tu, sijaona mmea unaopenda samadi kama huo. Mahindi usipande mstari mmoja mrefu, panda mistari mifupi kadhaa ikae pamoja, chavua yake inabebwa na upepo, ukiyatawanya utavuna magunzi yenye mapengo.

Karoti kwenye samadi mbichi mzizi unagawanyika, unang'oa unakuta ina miguu miwili mitatu na vinyweleo kibao. Maharage na njegere nazo achana nazo kwanza, zenyewe zina bakteria kwenye vinundu vya mizizi wanaozitengenezea naitrojeni kutoka hewani, sasa zikiikuta tayari ipo ardhini vinundu havijengeki vizuri, unapata majani mazuri sana na maganda machache.

Mama Miche
Naunga mkono ila kwenye nyanya naomba niongezee maana hapo ndo watu wengi wanalia. Nyanya ni mlaji pia lakini naitrojeni ikizidi inapanda juu, shina nene, majani ya kijani iliyoiva, maua inachelewa. Na hata ikizaa unaweza kukuta tunda linaoza kitako, kitu cheusi kilichobonyea chini, kwa sababu mmea unakua mbio na kalsiamu haifiki kwenye tunda ya kutosha, ukichanganya na umwagiliaji wa leo maji mengi kesho hakuna ndo kabisa. Kwa hiyo nyanya, hoho na bilinganya peleka pale samadi ilipooza siku nyingi na usiongeze mbolea nyingine yoyote ya naitrojeni. Viazi mviringo kwenye samadi mbichi ngozi inatoka magamba. Vitunguu vinakawia kukomaa, shingo inabaki nene na ghalani havikai.

Kama unataka sana mzizi jaribu bitiruti, yenyewe inavumilia hata chumvi ya samadi kuliko karoti, japo majani yatakuwa mengi.

Mpenda Bustani
Asanteni sana kwa kweli nimeelewa. Je saladi naweza kupanda hiyo kona ya kuku? Nasikia inapenda mbolea.

Shamba Safi
Hapana ndugu, hapo usipande kitu chochote cha kuliwa kibichi. Hiyo inayowasha macho ni amonia, miche itaungua mizizi, halafu kinyesi kibichi kinaweza kuwa na bakteria wa kuumiza tumbo kama Salmonella na E. coli, na saladi inalala karibu na udongo, ukimwagilia tope linarukia majani. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu kuchanganya samadi mbichi na udongo mpaka kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi, mi naona hicho ni kipimo kizuri kwa yeyote. Ichimbue hiyo kona, rundika pembeni na majani makavu au pumba za mbao, mwagia maji iwe na unyevu, geuzageuza. Lundo likiiva vizuri ndani linafika nyuzi joto 55 na zaidi na huo moto ndo unaoua vimelea na mbegu za magugu. Ikipoa na harufu ikaisha ndo urudishe.

Kingine hakijasemwa. Kama ng'ombe walikula nyasi zilizopigwa dawa ya magugu, zipo dawa zinapita tumboni na kubaki kwenye samadi muda mrefu. Chukua udongo wa sehemu mbalimbali jaza vikopo, panda maharage, vikopo vingine weka udongo wa kawaida usio na samadi. Subiri yatoe majani kadhaa. Yakijikunja na kujisokota kwenye udongo wako tu, panda mahindi huo msimu, jamii ya nyasi haidhuriki na hizo dawa. Yakiwa sawa, endelea na kabichi na maboga, karoti na maharage yasubiri msimu unaofuata baada ya hao walafi kupunguza rutuba, na hapo katikati usiongeze samadi.

Mpenda Bustani
Vikopo naandaa leo, lundo nalianza wikiendi. Nitaleta picha za maharage yakishachipua mniangalizie majani.