Walimu wawili wako likizo ya uzazi, vipindi vyote vimeniangukia mimi. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku kijijini, tuko saba tu. Mwezi uliopita wenzangu wawili walianza likizo ya uzazi, wakipishana wiki mbili. Sheria inawapa siku 84, na mmoja kapata mapacha, kwa hiyo ana siku 100. Ni haki yao, sina kinyongo. Hata hela ya kitenge cha pongezi nilichanga.

Shida ni kwamba hakuna aliyeletwa kushika nafasi zao. Nilikuwa na vipindi 24 kwa wiki, sasa 38. Darasa la kwanza na la pili nawafundisha kwa kuruka: hawa nawaandikia silabi ubaoni, nakimbilia wale wa chumba cha pili, nikirudi nakuta mmoja kamwagia uji daftari la mwenzake. Jana nimebeba madaftari nyumbani kwenye mfuko wa salfeti, nimesahihisha mpaka saa sita usiku. Sauti imekauka.

Nilimgusia mwalimu mkuu, akasema, "Vumilia mwalimu, na wewe zamu yako itafika." Mimi ni mwanaume jamani!

Waliopitia haya, mlifanyaje? Kamati ya shule inaweza kutafuta kijana wa kujitolea, wazazi wakachangia posho kidogo? Au niende kwa Afisa Elimu Kata? Naogopa mkuu ataona nimemruka, na wale mama wakirudi waambiwe niliwasema.