Ushauri: Shahidi aliyemwona muuaji kwa sekunde chache anaaminika? (Kesi ya Oscar Slater)

Asiyelala: Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kwa wenye uelewa. Nimekuwa nikisoma kesi ya Oscar Slater, Glasgow, Scotland. Desemba 1908 bibi tajiri aliyepita miaka 80, Marion Gilchrist, aliuawa kwa kipigo nyumbani kwake, mtumishi wake Helen Lambie alipotoka kununua gazeti. Lambie aliporudi alimkuta jirani wa chini, Arthur Adams, mlangoni. Mwanamume akatoka ndani, akawapita taratibu, kisha akashuka ngazi mbio. Msichana wa miaka 14, Mary Barrowman, alisema mtu huyo alimpiga kikumbo barabarani. Slater akashtakiwa kuwa ndiye mtu huyo, akahukumiwa kunyongwa. Swali: mtu aliyeuona uso kwa muda mfupi, na ana uhakika kabisa, kwa nini asiaminiwe? Naomba majibu kabla ya Jumatatu.

Kigoda: Mkuu, shida ya kesi ile si sekunde, ni yaliyofuata. Slater, Myahudi wa Kijerumani, alikuwa ameshapanda meli ya Lusitania kwenda New York, na mashahidi wakapelekwa kumtambua huko huko. Lambie na Barrowman walilala chumba kimoja melini, halafu wakadai hawakuzungumzia kesi! Barrowman alionyeshwa picha za Slater kwanza. Kisha wakamwona akipitishwa koridoni chini ya ulinzi. Lambie pale New York alisema anautambua mwendo, uso hakuuona vizuri. Kufika mahakamani Edinburgh, Mei 1909, uso nao akaukumbuka. Ni Adams peke yake aliyeishia kusema anafanana naye sana.

Mzee Busara: Mimi naona mjadala ni adhabu ya kifo. Wazee wa baraza 15: 9 wakasema ana hatia, 5 wakasema haikuthibitika, 1 akasema hana hatia. Kwa kura hizo mtu anyongwe? Zilibaki siku mbili tu ndipo akabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha.

Mama Wawili: Macho yanadanganya jamani. Niliwahi kumkimbilia mtu kwa furaha nikimwita shemeji, nikamshika na mkono. Kugeuka, simjui! Na shemeji nimeishi naye nyumba moja. Sasa mgeni uliyemwona mara moja?

Kigoda: @Asiyelala, mtu hakosi usingizi kwa kesi ya 1908. Jumatatu kuna nini?

Asiyelala: Nimeitwa kutoa ushahidi. Kesi ya mauaji. Nilikuwa napanda ngazi, mtu akashuka mbio akanipita. Taa ilikuwa inawaka. Kwenye gwaride la utambulisho, polisi walipopanga watu mstari nimwonyeshe niliyemwona, nilimgusa bila kusita. Ndiyo maana nauliza, wakili wa utetezi atanisumbua vipi?

Wakili Msomi: Dada au kaka, jibu kwanza. Ulikuwa unamfahamu kabla? Ulieleza sura yake polisi kabla ya gwaride? Na uliona picha yake popote kabla ya siku ile?

Asiyelala: Simfahamu. Nilieleza urefu na shati.

Wakili Msomi: Na picha?

Asiyelala: Jirani alinirushia kwenye simu, "huyu ndiye waliyemkamata." Lakini hiyo haibadilishi kitu, nilimwona kwa macho yangu. Kwenye maelezo yangu polisi haimo na hakuna aliyeniuliza. Familia ya marehemu wananitegemea mimi. Nimeshaamua kutoitaja, sitaki kuivuruga kesi.

Mzee Busara: Damu haidaiwi kwa damu ya asiyehusika. Mwogope Mungu.

Wakili Msomi: Hapo ndipo kesi ilipo. Ukishaiona picha, kwenye gwaride huwezi kujua tena unamtambua mtu wa kwenye ngazi au mtu wa kwenye simu. Wewe mwenyewe huwezi kuwatenganisha, hata ukiwa mkweli kiasi gani. Slater aliwekwa kwenye gwaride pamoja na polisi na wafanyakazi wa reli, mgeni peke yake kati ya Waskoti. Mtu yeyote aliyeona picha angemchagua. Ukiulizwa chini ya kiapo kama uliona picha, ukakataa, utakuwa umesema uongo mahakamani.

Chonjo: Samahani wakuu, hii chai. Ngazi zipo, mtu anapita mbio, picha kabla ya gwaride, uhakika unaoongezeka. Ni Slater mtupu kabadilishiwa nguo. Huyu ni mwanafunzi wa sheria, Jumatatu anawasilisha kazi.

Mama Wawili: Hata mimi nilihisi. Mbona mwanzo alikuwa na majina yote kamili?

Asiyelala: Nimeyasoma majina hayo usiku kucha kwa sababu naogopa. Niweke hapa barua ya wito ili niharibu kesi? Amini au usiamini.

Kigoda: Chonjo, mambo hayo yanafanana kwa sababu makosa ni yale yale kila mahali. Marekani vipimo vya DNA vimetoa mamia ya watu gerezani, na wengi wao walitambuliwa na mashahidi waliokuwa na uhakika. Slater alitoka Novemba 1927. Rufaa ya 1928 ilifuta hukumu kwa sababu jaji aliwaelekeza vibaya wazee wa baraza, wala si kwa sababu ya mashahidi. Akapewa pauni 6,000 kufidia miaka zaidi ya 18 aliyokaa gerezani. Mpelelezi John Trench, aliyesema Lambie alimtaja mtu mwingine mwanzoni, alifukuzwa kazi.

Chonjo: Sawa, ila angesema mapema.

Asiyelala: Wakili, nikisema, kesi itakufa?

Wakili Msomi: Kama wana ushahidi mwingine, haifi. Mpigie mwendesha mashtaka kabla ya Jumatatu, mweleze habari ya picha na nani aliituma, na usiifute kwenye simu. Yeye ana wajibu wa kuujulisha upande wa utetezi. Kizimbani sema ulichokiona kwenye ngazi, na picha uiseme kama ilivyokuwa.

Asiyelala: Namba yake ninayo, nitampigia kesho asubuhi. Lakini nikiulizwa kama ni yeye, nitasema ni yeye.

Wakili Msomi: Sema hivyo, na useme pia uliiona picha kwanza. Uzito wake ataupima jaji.